Kabari Mgongoni mwa Mhandisi

Mhandisi Ambakisye Mwasomola aliletwa kliniki kwa machela, hana jeraha hata moja, ana hasira za kuua mtu. Miguu yake ilikuwa imefungwa tena, na safari hii imefungwa katikati ya soko la Lupoto, kwenye mteremko wa wauza ndizi. Alikaa kwenye matope kama gunia lililotupwa, watu wakimzunguka, mpaka vijana wa zahanati walipokuja kumzoa.

"Fungua," alimwambia Daktari Tusekile hata kabla machela haijatua. "Toa hili kufuli leo. Sasa hivi."

Tusekile Mwakyoma hakumwamkia. Katika mji ule, mwanamke wa miaka arobaini kumpita mzee wa miaka sitini na saba bila shikamoo ni tusi la wazi, na wote wawili walijua hivyo. Alikuwa akimtukana namna hiyo kila mwezi kwa miaka mitatu.

"Ulikuwa unashuka?" aliuliza, akiwasha kioo cha ukutani.

"Nimekwambia fungua."

"Na mimi nimekuuliza. Ulikuwa unashuka, umenyoosha mgongo, kifua mbele kama uko kwenye gwaride." Kioo kikaonyesha uti wa mgongo wa mzee, pingili zake zikiwa zimeota vijipembe vya mfupa kila upande. Aligonga pale kiunoni kwa kucha. "Mfereji wa neva ni huu. Kwa mtu mwenye afya unapitisha kidole kidogo. Wako haupitishi penseli. Ukijinyoosha unazidi kuziba, ukiinama unafunguka kidogo. Ndiyo maana kupanda kilima kunakushinda pumzi tu, lakini kushuka kunakuua miguu. Nimesema ushike fimbo mbili. Nimesema usukume toroli, uliegemee. Nimesema uendeshe baiskeli, ukae kila miguu inapoanza kuwa mizito."

"Nisukume toroli. Mimi. Sokoni."

"Au upasuliwe, tukwangue huo mfupa. Umekataa mara mbili."

"Chini ya kisu chako? Afadhali nitambae."

"Basi tambaa. Kufuli sifungui."

Kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno chake, kitu kidogo kilikuwa kinang'aa kwenye picha, kama punje ya maharage. Hiyo ndiyo kabari. Mtu akitembea, kabari ilitanuka na kusinyaa ikifuata mwendo wake, ikizirudishia neva nafasi ambayo uzee umeiiba. Na ilisikiliza. Neva zilipokabwa kupita kiasi, ilikata amri zinazoshuka miguuni, na mwenyewe akakaa chini apende asipende, mpaka damu irudi. Kisha ikaachia.

Kabari za kwanza hazikuwa na kufuli. Zilinyamazisha maumivu tu, na waajiri wakashangilia. Watu walipiga zamu mbili kwa migongo isiyolalamika, mpaka asubuhi moja wakashindwa kuinuka kitandani, wamelowa mkojo, hawasikii kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Walipokuwa maelfu, ikatungwa Kanuni. Ufunguo utakaa kwa daktari, kwa alama ya kidole chake na sauti yake. Naye hatafungua ila kwa faida ya mgonjwa mwenyewe. Si kwa faida ya mwajiri, si ya jamaa, si ya taifa. Hata mgonjwa akiomba kwa machozi.

Ambakisye hakuwa mtu wa machozi. "Unafurahi," alisema, akimtazama Tusekile usoni. "Nikianguka mbele za watu, unafurahi. Kwa sababu ya Lugano."

Tusekile alizima kioo. Lugano alikuwa mdogo wake. Bomba la mvuke lilipopasuka chini ya mlima miaka mitatu nyuma, Ambakisye, mkuu wa mtambo wa mvuke, alifunga mlango wa chuma wa njia ya chini ya ardhi. Upande huu wa mlango kulikuwa na watu kumi na mmoja. Upande wa pili alikuwa Lugano, akigonga. Tume ilisema mhandisi alifanya kilichopaswa. Mwaka uleule mgongo wa mhandisi ukaharibika, na wilaya nzima haikuwa na daktari mwingine wa uti wa mgongo.

"Usilitaje jina lake," alisema. "Miguu yako itarudi sasa hivi. Ikirudi, uondoke kwangu."

Haikuwahi kurudi mle ndani. Ardhi ilitetema, mara ya kwanza polepole kama lori linalopita mbali, mara ya pili kwa nguvu, dawa zikamwagika rafuni na kioo kikapasuka. Kulipotulia, king'ora cha mtambo wa mvuke kikaanza kulia, wala hakikunyamaza.

*

Mdomo wa njia ya chini ulikuwa umejaa watu. Wake wa wafanyakazi walikuwa wamefika na kanga za nyumbani, wengine miguu mitupu. Kiongozi wa waokoaji, mama mmoja mrefu aitwaye Subilaga, alikuwa akipiga kelele kwenye redio isiyomjibu. Zamu nzima ya watu wanane ilikuwa imekwama nyuma ya mlango wa chuma, na bomba kuu lilikuwa limepasuka mbele ya mlango huo. Mume wa Subilaga, Anangisye, alikuwa miongoni mwa hao wanane.

"Nimepeleka mende wawili," Subilaga alimwambia Ambakisye aliposhushwa kwenye gari. Mende ni jina walilowapa roboti wa kutambaa. "Mvuke umewapofua. Na mitambo ya kufungia valvu kutoka huku juu imekufa yote."

"Basi zifungwe kwa mkono."

"Nielekeze, niende mimi."

Ambakisye alitikisa kichwa. "Mabomba yamesogea. Sijui lipi sasa lina mvuke na lipi halina, mpaka niyashike, niyasikie yanavyolia. Ukifunga lisilo lenyewe, mvuke wote unawarudia waliomo. Utawachemsha kama mihogo." Alijaribu kuteremka. Goti la kushoto likakataa. "Kuna njia ya zamani, niliichimba ujanani. Nitakwenda nayo. Lakini huyu," akamnyooshea kidole Tusekile, aliyekuwa amefuata na gari la wagonjwa, "huyu ndiye anayeishika miguu yangu mkononi mwake."

Watu wote wakageuka. Tusekile alihisi macho yao mwilini kama upupu.

"Daktari, mfungulie," alisema Subilaga.

"Siruhusiwi."

"Nani asikuruhusu? Hii milima?"

"Kanuni. Mtu kuharibiwa mgongo kwa faida ya watu wengine, hicho ndicho walichofanyiwa wale maelfu. Kila msimamizi wa zamu alikuwa na sababu nzuri siku ile. Ukisikia mtu anasema 'leo tu', ujue..."

"Mume wangu yumo mle!" Subilaga alimshika ukosi wa koti. "Unaniambia habari za maelfu? Unamkomoa huyu mzee kwa sababu ya mdogo wako, na wetu wafe? Mchawi we!"

Mwanamke mmoja nyuma akatema mate, yakaangukia kiatu cha Tusekile. Ambakisye alikuwa akicheka kimyakimya, kicheko kikavu kisichofika machoni.

"Mwacheni," alisema. "Anapiga hesabu yake. Akinifungulia, huenda nikapooza, na hilo analitamani. Asiponifungulia, naonekana mbele yenu nyote sina maana, na hilo nalo analitamani. Mtu akizungukwa na matamanio yake kila upande, lazima achukue muda."

Kilichomchoma Tusekile ni kwamba mzee hakukosea. Alikuwa amewafungia watu wengi miguu, akina baba wenye mashamba ya chai, mama mmoja aliyekuwa akikimbilia mazishi ya mwanawe, na hakuwahi kuyumba. Leo moyo wake ulikuwa unayumba, naye hakujua unayumbishwa na wale wanane walio chini au na huyu mmoja aliye mbele yake.

"Nitakwenda naye," alisema hatimaye. "Kufuli nitalilegeza, sitalitoa. Nikiona dalili ya hatari namfungia palepale, na Subilaga atambeba kurudi. Mzee, unaelewa?"

"Naelewa kwamba unataka kuwepo uone."

Tusekile aliweka kidole kwenye kidhibiti kilichofungwa kifundoni mwa mkono wake, akatamka jina lake kamili. Miguu ya Ambakisye ikastuka kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

*

Njia ya zamani ilikuwa na dari ya chini, na mwanzoni hilo lilikuwa neema. Walikwenda wameinama, Ambakisye mbele akiegemea mikono yake juu ya toroli la vifaa, Tusekile nyuma yake, Subilaga mwisho na kamba na mitungi ya hewa. Kwenye kidhibiti, alama ya neva ilikaa kwenye kijani. Mgongo ulioinama ni mgongo uliofunguka. Mzee alikwenda kasi kuliko alivyokwenda mwaka mzima.

"Unaona?" Tusekile alisema bila kutaka. "Ndivyo ninavyokwambia kila mwezi."

"Funga mdomo, nasikiliza mabomba."

Joto lilizidi. Jasho liliwaingia machoni, na hewa ilinuka mayai viza. Kisha njia ikakatika kwenye shimo, na ndani ya shimo kulikuwa na ngazi ya chuma inayoshuka wima. Toroli likabaki juu. Hakuna namna ya kushuka ngazi ukiwa umeinama. Walimfunga kamba kifuani, na Ambakisye akaanza kushuka, mwili umenyooka kama mshumaa. Tusekile aliitazama alama ikitoka kijani kwenda manjano, ikitoka manjano kwenda nyekundu. Hatua chache kabla ya chini, miguu ya mzee ikaachia vidato, akaning'inia kwenye kamba.

Walimkalisha, mgongo umepinda, magoti kifuani. Walisubiri. Alama haikurudi.

Tusekile alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya suruali ya kazi ya mzee, akambana nyama ya ndani ya paja kwa kucha.

"Unasikia?"

"Unanishika wapi?"

"Jibu."

"Sisikii kitu."

Akasogeza mkono juu zaidi, pale mwili unapokutana na tandiko la baiskeli. "Hapa?"

Ambakisye aligeuza uso. Suruali ilikuwa na unyevu usiokuwa wa jasho, na yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Daktari yeyote wa uti wa mgongo angejua maana yake. Mizizi ya neva za chini ilikuwa imekabwa yote kwa pamoja. Kama angefungwa sasa, akabebwa amepinda hivyohivyo, akafikishwa kwenye meza ya upasuaji kabla ya jioni, angeweza kupona karibu chote. Kila hatua ya ziada akiwa amenyooka ingekuwa inazima taa ambazo hakuna fundi wa kuziwasha tena.

"Basi," alisema. "Imekwisha. Subilaga, mbebe mgongoni."

"Chumba cha valvu kiko wapi?" aliuliza Subilaga, bila kusogea.

Ambakisye aliinua kidole. Mbele yao kulikuwa na ufa ukutani, mwembamba, wa kupita mtu mmoja amesimama wima ubavuubavu. Hakuna mtu angeweza kumbeba mwenzake mle. Na kutoka upande wa pili wa ufa, mbali, chuma kilikuwa kinagongwa. Ngo, ngo, ngo. Kinanyamaza. Ngo, ngo.

Tusekile aliujua mlio ule bila kuwahi kuusikia. Alikuwa ameusikia usiku kucha kwa miaka mitatu.

"Wako hai," Subilaga alinong'ona. "Daktari, wako hai."

"Mzee," Tusekile alisema, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Sikiliza, maana sitarudia. Ukipita pale, hutatembea tena kama mtu. Mkojo wako utatoka wenyewe mpaka kufa. Utavishwa kama mtoto. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema unataka kurudi."

"Unatamani niseme." Meno yake yalikuwa yanagongana, si kwa baridi. "Unatamani nijikunyate hapa, uwatangazie watu kwamba Mwasomola alimfungia mlango mtoto wa watu, lakini mgongo wake mwenyewe ulipouma alirudi nyumbani. Sisemi. Ninyanyueni."

Kidole cha Tusekile kilikuwa juu ya kidhibiti. Kugusa mara moja tu, miguu ile ingekufa ganzi salama. Kanuni ilimtaka aguse. Kiapo chake kilimtaka aguse. Chuma kiligongwa tena, na ndani ya kifua chake kitu kilitikisika ambacho hakikuwa huruma kwa wale wanane, wala hakikuwa heshima kwa ushujaa wa mzee. Kilikuwa kitu chenye joto, kama furaha, nacho kilisema: mwache aende.

Aliondoa kidole.

Ambakisye alipita kwenye ufa akiwa amesimama, Subilaga akimvuta kutoka mbele, Tusekile akimsukuma kutoka nyuma na kuuweka kila mguu mahali pake kwa mikono, kama mtu anayepanga magogo. Alipiga yowe mara moja tu. Ndani ya chumba cha valvu aliweka shavu lake kwenye bomba moja, akalitoa limeungua, akaweka kwenye lingine, akasikiliza. "Hili. Zungusha. Si lile, mjinga, hili!" Subilaga alizungusha gurudumu mpaka viganja vikachunika. Akamwonyesha la pili. Mvuke uliokuwa ukinguruma nyuma ya ukuta ukapungua, ukawa mluzi, ukanyamaza.

Walipoufungua mlango wa chuma walitoka watu saba kwa miguu yao au juu ya mabega ya wenzao. Wa nane, mzee wa kupaka grisi, alikuwa ameshakufa kwa joto. Anangisye alitoka wa mwisho, mikono imeungua mpaka viwikoni, na mkewe hakumkumbatia kwa kuogopa kumgusa. Alisimama tu mbele yake akitetemeka.

Hakuna aliyekumbuka kumtazama Ambakisye. Alikuwa amelala sakafuni chali, macho wazi, na miguu yake ilikuwa imelala upande mmoja kama ya mtu mwingine.

*

Tusekile ndiye aliyempasua usiku ule, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Alikwangua mfupa, akafungua mfereji wote, akaona neva zimevimba zikiwa na rangi ya zambarau. Mguu wa kulia ulirudi nusu baada ya miezi. Wa kushoto haukurudi. Mkojo haukurudi.

Siku mzee alipozinduka, alimgeukia daktari wake.

"Usingoje nikuombe radhi ya Lugano," alisema. "Mlango ule ningeufunga tena kesho."

"Sikungoja."

"Vizuri."

Baraza la Kabari liliketi Mbeya mwanzoni mwa masika. Mwenyekiti alikuwa mama mtaratibu mwenye miwani, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wale maelfu. Ukumbini walikuwepo Subilaga na mumewe, wengine waliookolewa, na nyuma kabisa Ambakisye kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa ameomba kutoa ushahidi, nao ulikuwa mfupi. Alisema alikuwa na akili zake timamu, alielezwa yote, akachagua. Mwili ni wake.

Minong'ono ya kuridhika ilipita. Mwenyekiti aliandika, kisha akavua miwani.

"Daktari, Baraza linaelekea kukubali kwamba ulizidiwa na hali. Tukikusamehe, lazima tuelewe ulichokifuata ni nini, kwa kuwa kesho daktari mwingine atasimama palepale. Nina swali moja. Mgonjwa yule, pale kwenye ngazi, kama angekuwa mtu mwingine yeyote, ungemwacha aendelee?"

Subilaga alikuwa akitikisa kichwa juu chini, akimhimiza kwa macho. Sema ndiyo. Neno moja, na kila kitu kingekwisha.

"Hapana," Tusekile alisema. "Mwingine ningemfungia. Ningelia, lakini ningemfungia."

"Hata kama wale wanane..."

"Hata hivyo. Nimewafungia wengine kwa mambo mazito. Huyu nilimwacha kwa sababu ni yeye."

 Anangisye aliinuka polepole, akaitazama mikono yake yenye makovu kana kwamba imetolewa kwenye takataka, akatoka nje. Mkewe alibaki ameketi kitambo. Alipopita mbele ya Tusekile alisogeza sketi yake isimguse.

Walimnyang'anya ufunguo wa kabari kwa maisha yake yote. Udaktari walimwachia, maana wilaya haikuwa na mwingine, na ikaamriwa daktari wa Dodoma awe anashika ufunguo wa Lupoto kwa mtandao. Wagonjwa wengi walihamia kwa yule wa Dodoma. Waliobaki waliingia kliniki bila kumtazama usoni.

Jumatatu ya pili baada ya hukumu, magurudumu yalisikika ukumbini. Ambakisye aliingia peke yake, akisukuma kwa mikono, ametokwa jasho.

"Umepangiwa Dodoma," Tusekile alisema. "Yule ni hodari kuliko mimi. Na ni mpole."

"Nimeongea naye." Mzee alianza kufungua vifungo vya shati ili aonyeshe mgongo. "Ananiita baba. Ananiambia pole, pole, kila neno. Sijui ananitakia nini yule." Akainama mbele kwenye kiti, shingo wazi, kovu lote la kiunoni mbele ya mikono yake. "Wewe najua."